Sahani ya Alama Nyekundu

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kufunua sufuria. Hata nikiwa mgeni kwa watu nilikuwa naomba ruhusa niingie jikoni nione kinachopikwa, kisha nimuulize mpishi maswali: hapa umetia nini, mbona nyanya imetangulia kitunguu, haya majani yamechumwa lini. Mke wangu Moraa alikuwa akinifinya ili ninyamaze. Mama yangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na kwamba nilipokuwa mtoto aliwahi kunikuta nikilamba jiwe la kusagia wimbi, nikitaka kujua kama nalo lina ladha.

Kwa hiyo mwaka ule wa uchaguzi, nilipoacha kufunua sufuria, ilifaa nishtuke. Sikushtuka. Nilikuwa karani katika yadi ya malori ya Mzee Abdi, mfanyabiashara Msomali mjini Eldoret, na vumbi la pale lilimfanya kila mtu akohoe. Mimi nilikohoa kuliko wengine, nikajiambia ni kwa sababu ninakaa karibu na lango.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya familia. Mimi, Moraa na binti yetu Kemunto, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza nasari, tulitoka Kapseret tulikokodi nyumba, tukaingia mjini kwenye hoteli moja karibu na soko kula kuku na chipsi. Wahudumu wa pale waliniita Mtu wa Afya. Kwa jinsi nilivyowauliza juu ya mafuta yao na mchuzi wao, walidhani nimetumwa na manispaa kukagua jikoni. Sikuwahi kuwasahihisha, maana paja la kuku nililoletewa lilikuwa kubwa siku zote.

Ni katika hoteli hiyo nilipojua kwamba mwili wangu umeharibika. Niliuma kuku nikaona ni kama ninatafuna karatasi.

"Wamebadilisha mpishi?" nikamuuliza Moraa.

Moraa akaonja kwenye sahani yangu. "Ladha ni ile ile." Kisha akaniangalia kwa muda. "Ombati, shingo yako inacheza ndani ya kola. Umekonda hivi tangu lini?"

Nilitaka kumjibu, kikohozi kikanishika. Nilipoondoa karatasi ya kupangusia mdomoni, niliikunja haraka, lakini Kemunto alikuwa ameona. "Baba ametema tomato," akasema kwa sauti, na watu wa meza ya pili wakageuka. Moraa aliichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunjua, akaikunja tena. Hatukumaliza kile chakula.

Sitaeleza habari za vipimo, waliosomea wataeleza. Nitaeleza benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao nje ya mlango wa kliniki ya kifua, limelainika kwa kukaliwa, na kila mtu pale alijifanya amekuja kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nilipitisha muda nikitazama watu wamebeba chakula gani. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Sugoi ambaye kila mara alikuja na mahindi ya kuchemsha ndani ya mfuko wa unga, na kila mara alirudi nayo bila kuyagusa. Nilimwelewa kabisa. Kama umekaa kwenye benchi kama hilo leo, jua kwamba hamu ya kula haijafa, imelala tu.

Aliyeniambia hivyo ni muuguzi wa kliniki, Sista Chebet, siku aliyonipa dawa za kwanza. Ilikuwa wakati wa mavuno, trela za mahindi zikipita barabarani tangu asubuhi. "Utameza kabla ya kula," akasema. "Mkojo utakuwa rangi ya machungwa, usikuje hapa mbio ukisema unakufa. Halafu njaa itakuja. Ikikuja, wewe kula tu."

Mkojo ulibadilika kweli, na nakiri kwamba nilimwita Moraa aje atazame. Alikataa.

Mama alifika kutoka Kisii alipopata habari. Alikuja na wimbi, majani ya saga, mboga chungu ya kwetu, yaliyofungwa kwa magazeti, na uso ambao sikuuzoea. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu huu wa kifua kikuu nikiwa na umri kama wa Kemunto, na Mama ndiye aliyemuuguza. Jioni ile ile alimwomba Moraa rangi yake ya kucha. Akachukua sahani moja ya bati, kikombe kimoja na kijiko kimoja, akavitia kila kimoja alama nyekundu, akaviweka peke yake kwenye kizingiti cha dirisha.

"Hivi ndivyo tulimfanyia baba yako," akasema.

"Na alipona?" nikamuuliza.

Lilikuwa swali la kijinga, lakini lilinitoka kama maswali yangu yote. Mama aliinamia kijiko. Alipuliza ile rangi ikauke.

Sasa nieleze jambo la ukoko, maana hapo ndipo paliponiuma. Tangu utoto wangu, ukoko wa ugali wa wimbi ulikuwa mali yetu wawili, mimi na Mama. Akishapakua anakwangua chini ya sufuria, anauvunja vipande viwili, kikubwa ananipa mimi, na tunakula tumesimama karibu na moto kabla wengine hawajaitwa. Hata baada ya kuoa, kila nilipomtembelea alinipigia mluzi kidogo kutoka jikoni nami nikajua ukoko uko tayari. Moraa alitucheka, akasema tunakula kama wezi.

Jioni ile Mama alikwangua sufuria kama kawaida. Akavunja. Kisha akakiangusha kipande changu kwenye sahani ya alama nyekundu kutoka juu, bila mkono wake kugusa bati, akaenda na chake kona ya pili. Nilikula peke yangu nikitazama ukutani. Nilikuwa tayari kumeza dawa chungu kiasi chochote, lakini moyoni nilikuwa ninataka jambo moja tu: siku moja Mama avunje ukoko, anipe mkononi, na tusimame pamoja tena.

Nyumba yetu ilikuwa na ubaridi siku hizo. Moraa hakuipenda ile alama, ila hakutaka kumkosea heshima mama mkwe. Akawa anasugua vyombo kwa nguvu. Kemunto naye alitaka kujua kwa nini cha Baba tu ndicho kilichopakwa rangi. Aliambiwa ni kwa sababu Baba ni mkubwa. Alinuna siku nzima akitaka na vyake vipakwe.

Njaa aliyoahidi Sista Chebet ilifika kabla ya Krismasi, na haikubisha hodi. Ilinishika asubuhi nikiwa nimekaa juani, nikanusa saga za Mama zikichemka ndani ya maziwa, na mate yakanijaa. Ulimi bado ulikuwa na ladha ya msumari, ndiyo dawa hiyo, lakini chini yake nilipata uchungu wa majani na utamu wa maziwa kila mmoja kwa nafasi yake. Nilikula nikaomba tena. Nilikula mpaka nikaona haya. Wewe uliyeanza dawa juzi, hayo yatakupata, usione haya kama mimi.

Kisha tukapiga kura, tukangoja matokeo, na matokeo yakaleta moshi: nyumba za watu wa jamii kama yetu zikaanza kuchomwa.

Mwenye nyumba wetu, Mzee Kiptanui, alifika asubuhi na pikapu yake ya maziwa. Hakuzima injini. "Ombati, chukua watu wako uende town saa hii," akasema. "Hao vijana wanakuja, na mimi siwezi wazuia." Moraa alitia dawa zangu ndani ya kopo la sukari na kulifunga kwa kanga. Mama alirudi ndani kuchukua sahani ya alama, Mzee akamshika mkono. "Mama, wacha vyombo. Vyombo si watu." Tulikaa nyuma katikati ya mitungi ya maziwa, tumefunikwa magunia, na Mzee akaongea na watu kwenye kila kizuizi kwa lugha yao mpaka tukafika mjini. Nilikaza mdomo nisikohoe. Sijawahi kuogopa kikohozi changu kama siku ile.

Mzee Abdi alitupokea nyumbani kwake, ghorofani juu ya duka lake. Mkewe, Mama Halima, alitupa chumba cha watoto wake. Mchana wa siku ya kwanza akatandika mkeka, akaleta sinia moja kubwa la wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu zimepangwa pembeni, na wote wakaketi kulizunguka. Mimi nilikaa mlangoni.

"Ombati, mbona unakaa huko?" Mama Halima akaniuliza. "Kuja ukule na watu."

"Mimi niko na kifua, Mama Halima."

"Najua. Abdi aliniambia. Kuja."

Nikainuka nusu. Mama akanishika suruali. "Hapana, mama," akamwambia mwenyeji wetu kwa upole. "Huyu ana sahani yake. Tumeiacha tu nyumbani."

Mama Halima hakubishana naye. Alinipakulia kwenye sahani ya peke yangu, akaweka na ndizi. Nilikula wali, nikasogeza ndizi pembeni.

"Hiyo ndizi unangojea nini?" akauliza.

"Nimalize kwanza."

Nyumba nzima ikacheka, kicheko cha kwanza tulichosikia tangu tutoke Kapseret. Mama Halima akasema, "Hiyo si ya mwisho. Unakula pamoja na wali. Hapo kwa hapo."

Mimi ni Mkisii. Ndizi naijua ya kuchemsha, ya kuchoma, na ya kuiva mpaka ngozi inageuka nyeusi. Lakini ndizi mbivu juu ya wali wenye nyama na pilipili, hiyo sikuwa nimeambiwa na mtu. Nikamega kipande, nikachanganya, nikatia mdomoni. Utamu ulikuja, ukafuatwa na iliki, kisha chumvi, kisha pilipili, na ile ladha ya msumari ikapotea kwa muda. Nikauliza kuna nini ndani. Nikauliza nani aligundua. Nikauliza kama ndizi yoyote inafaa au ni hii tu. Kesho yake nilimfuata Mama Halima mpaka jikoni, na akiwa anasaga viungo nilinyoosha mkono bila kufikiri nikafunua sufuria.

Mama alikuwa mlangoni. "Amefunua sufuria," akamwambia Moraa kwa Kikisii, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi na kulia. Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Nilifikiri mchana huo ataniruhusu niketi kwenye sinia. Nilikuta sahani yangu imewekwa mlangoni kama jana.

Dawa ziliendelea kupungua katika kopo la sukari na barabara bado zilikuwa zimefungwa. Moraa alimpigia Sista Chebet simu bila matumaini. Asubuhi moja muuguzi akaja mwenyewe kwa miguu, na kikapu cha chupa ya chai. Chini ya chupa kulikuwa na dawa zangu. Jamii yake na yetu zilikuwa zikiwindana mitaani wakati huo, naye alikaa kwenye mkeka wa Mama Halima akinitazama nikimeza kana kwamba tuko kliniki. "Ningekuita uje," akasema, "lakini sijui ungepitia wapi."

Mama alimwomba anionye nisije nikajisahau kwenye sinia.

"Mama, huyu amemeza dawa tangu wakati wa mavuno," Sista Chebet akamjibu. "Saa hii hawezi kuwaambukiza. Na hata pale mwanzo haikuwa sahani. Ni hewa. Ndiyo maana niliwaambia mfungue madirisha."

"Baba yake mwanzoni tulikula naye," Mama akasema. "Sahani moja, sisi wote. Alipokufa, dada ya huyu akamfuata kabla matanga hayajaisha." Akanigeukia. "Nilikuwa nimetia alama kwa vyombo, lakini nilikuwa nimechelewa. Safari hii sikutaka kuchelewa."

Nilijua nilikuwa na dada aliyekufa mdogo. Niliambiwa ni homa. Mimi na maswali yangu yote, hilo sikuwahi kuliuliza mara ya pili. Sista Chebet alimshika Mama mkono, hakusema tena habari za hewa. Tangu siku ile sikuichukia sahani ya mlangoni, ingawa bado nililitamani sinia.

Nitaruka kidogo nikuambie jinsi dawa zilivyoisha, ili usisome ukiwa na wasiwasi juu yangu. Zilikwisha mahindi yalipokuwa yakitoa ndevu, katikati ya mvua. Nyayo zangu ziliwaka moto usiku kwa miezi kwa sababu ya dawa hizo, kisha zikatulia. Shingo ilijaa kola. Sista Chebet alinipima uzito akasema nipunguze chapati. Jumamosi iliyofuata nilichukua Moraa na Kemunto hadi ile hoteli karibu na soko. Ilikuwa imepakwa rangi mpya mbele, na nyuma palikuwa bado pana masizi. Mhudumu aliniona akapiga kelele jikoni, "Mtu wa Afya amerudi, osheni vyombo." Nilikula paja la kuku polepole mpaka Moraa akachoka kungoja. Nilionja limau ambalo zamani halikuwepo, nikauliza, wakakubali. Mpishi alikuwa amebadilishwa kweli safari hii. Yule wa zamani alikuwa amekimbilia kwao, na hakuna aliyejua kama atarudi. Nilipata raha ya chakula na huzuni ya mpishi, nikavila vyote viwili.

Lakini mlo ninaoukumbuka kuliko huo, ule ambao nimeandika haya yote ili niufikie, ulitangulia, mwishoni mwa kiangazi.

Wakubwa wa siasa walikuwa wamepeana mikono Nairobi na matrekta yameanza kulima. Mzee Kiptanui alitufuata mjini na pikapu ile ile akaturudisha Kapseret. Nyumba haikuchomwa kwa sababu ilikuwa yake, ila ilikuwa imekombwa. Walichukua kitanda, jiko, mapazia, nguo, mpaka balbu. Tulisimama sebuleni na sauti zetu zikawa zinarudi kutoka ukutani.

Kemunto alikuwa ametangulia chumba cha pili. "Baba," akaita, "yako iko."

Kwenye kizingiti cha dirisha, vimejaa vumbi, vilikuwepo sahani, kikombe na kijiko, kila kimoja na alama yake nyekundu.

Mzee Kiptanui alibaki mlangoni, kofia mkononi, akitazama chini. "Hiyo walikataa," akasema. "Mmoja alishika, mwingine akamwambia wacha, hiyo ni ya mgonjwa wa kifua, ukibeba utabeba na ugonjwa. Wakatoka wakiacha."

Moraa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikakaa karibu naye, tukacheka na kulia, Kemunto akituuliza kuna nini. Mama hakucheka. Alichukua ile sahani akaigeuza upande huu na huu.

Mke wa Mzee alituletea sufuria, unga wa wimbi na maziwa lala yaliyoganda. Mama akawasha moto nje, akasonga ugali. Ulipoiva, Moraa akasimama.

"Wacha niende kwa jirani niazime sahani," akasema.

"Usiazime," Mama akamwambia.

Akaiosha ile sahani ya alama, akapindulia ugali wote juu yake, akaiweka katikati yetu chini. Kemunto alikuwa amemega kabla hatujaomba dua. Niliuona mkono wa Mama ukiinuka kumzuia, ukabaki hewani, ukashuka. Mtoto akatia mdomoni. Mama akamtazama akitafuna mpaka akameza, kisha akatazama pembeni, kuelekea mashamba.

Baadaye akarudi kwenye moto. Nikasikia akikwangua sufuria. Sikugeuka, niliogopa kugeuka. Kisha nikasikia mluzi mdogo.

Nikainuka na kikombe changu cha alama chenye maziwa, nikaenda. Mama alikuwa ameshika ukoko kwa mikono miwili. Akauvunja, akapima vile vipande kwa macho, akaniwekea kile kikubwa kiganjani na kukibana hapo kwa vidole vyake. Tukala tumesimama, moshi ukitufuata kila tulipohama.

"Imeungua," akasema akitafuna.

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu cha maziwa, akanywa.